Jiwe la Thelathini na Mbili

Alhamisi ilikuwa siku ya maziko, na Mwalimu Paskalina Sulle alikuwa ameichoka tangu Jumatatu.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, miguu iliyovimba kila ikifika saa nne, na darasa la sita lenye watoto wanane ambao rejista ilisema ni tisa. Ukungu wa Mbulu ulikuwa umeshuka hadi kwenye bati la banda la roboti, na baridi ilikuwa ile isiyojali umevaa nini. Aliwasha taa, akavuta shuka lake mabegani, akasema lile analolisema kila wiki.

"Haya. Marudio kwanza. Mikono mbali na mashine."

Roboti nane ziliinua mikono kwa pamoja. Hazikuwa na cha kujivunia: kifua cha plastiki ya kijivu, kioo kidogo mahali pa uso, na mikono miwili myembamba yenye vidole vitatu vitatu. Mbele ya kila moja palikuwa na sanduku la udongo, katikati ya udongo shimo, na pembeni ya shimo mtu wa kufinyangwa, mrefu kiasi cha mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Zikaanza kuzika. Zilimkunja yule mtu magoti hadi kidevuni, zikamlaza kwa ubavu, zikampaka udongo mwekundu, zikamwekea shanga za ganda la yai la mbuni na kibakuli cha jiwe karibu na mkono. Ndivyo mtaala ulivyotaka: maziko ya wafugaji wa kale wa nyanda za juu, watu waliochunga ng'ombe huku kabla ya chuma na kabla ya mahindi. Mwisho wa yote yalikuja mawe, moja baada ya jingine, arobaini, mpaka kichuguu kidogo kisimame juu ya maiti.

Ujanja wa somo ni kwamba roboti hizi zilipotoka kwenye makasha yake zilikuwa hazijui lolote. Mtoto alishika vishikio vilivyo kwenye vifundo vya mikono ya mashine, akaiongoza, nayo ikakariri: kasi yake, uzito wa kiganja chake, hata pale aliposita. Kila hatua mpya kioo kiliandika *Kwa nini?* na mkono haukusogea mpaka mtoto ajibu. Wakubwa wa elimu waliona kwamba mtoto anayeifundisha mashine kuzika hana budi ajue mwenyewe watu huzikana kwa nini. Walikuwa sahihi, Mwalimu Paskalina hakuwabishia. Ila hakuna aliyemwambia mashine ikishajua mikono ya mtoto, inaijua kweli kweli.

Roboti ya nne ilikuwa haina mtoto nyuma yake.

Ilifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Ilichukua jiwe, ikaliweka, kisha ikaligonga kwa vidole mara mbili, taratibu, namna mtu anavyombembeleza mtoto mgongoni. Jiwe, gonga, gonga. Hakuna roboti nyingine iliyogonga mawe. Juu ya kioo chake yalipita majibu ya zamani, moja baada ya jingine, na watoto waliyajua kwa moyo.

*Kwa nini magoti yamekunjwa?* Kwa sababu kulikuwa na baridi.

*Kwa nini kibakuli?* Ili asiende kuomba cha watu.

Kwenye benchi la ukutani alikaa Mama Emiliana, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Alikuja kila Alhamisi tangu binti yake alipokufa, akasalimia, akakaa, akatazama. Hakulia. Watoto walishamzoea, wakawa wanampisha njia bila kuambiwa.

Kuanzia jiwe la ishirini na tano roboti ya nne ilipunguza kasi. Vidole vilianza kutetemeka kidogo. Ilipofika thelathini na moja iligonga mara moja tu, ikanyoosha mkono kuelekea rundo la mawe, ikaishia hewani. Kwenye kioo yakatokea maneno yaliyokuwa yakitokea hapo kwa zaidi ya miezi mitatu, na alama ya kuandikia ikipepesa chini yake.

*Kwa nini umesimama?*

Hakuna aliyejibu. Mwalimu Paskalina alihesabu kimoyomoyo hadi kumi, akasema, "Basi," na mkono ukarudi chini.

Kwenye kona, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikaa Udamar Gidahuda, msichana mrefu aliyehamia kutoka bondeni baada ya ng'ombe wa baba yake kuisha kwa ukame. Alikuwa na daftari. Kila aliyekuwa na roboti alikuwa na roboti, na yeye alikuwa na daftari, na humo alikuwa amechora mawe arobaini kwa penseli na kuyapa namba.

"Mwalimu," alisema wakati wengine wakikusanya vitu, "mtihani wa vitendo ni wiki ya tatu kuanzia leo. Mimi nitafanya kwa mdomo?"

"Nitaangalia, mama."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita."

"Na wiki hii ninasema tena. Kaangalie kama uji umeiva."

Udamar alikwenda. Hakuwa mtoto wa kulalamika, na hilo lilimuuma Mwalimu Paskalina kuliko kama angelia.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na Mwalimu Paskalina alilijua vizuri, kwa hiyo hakuwa na pa kujificha.

Sheria ilisema mwanafunzi akifariki, mwalimu aandike hivyo kwenye rejista, na ndani ya siku saba mikono yake ifutwe kwenye mashine, mikono, majibu, kila kitu. Ilitungwa na watu wenye huruma, ambao hawakutaka mtoto aendelee kufanyishwa kazi baada ya kufa. Lakini mwanafunzi akiwa mgonjwa, mashine yake hufungwa kwa jina lake, asiiguse mwingine, mpaka apone. Mtu mwingine akishika vile vishikio, mkono wake unachanganyika na wa kwanza, na baada ya siku chache hakuna anayeweza kuitenganisha.

Wiki ile ya msiba Mama Emiliana alikuja shuleni kuchukua daftari za mwanawe. Roboti zilikuwa kwenye marudio. Aliona mkono wa kushoto, akaona jiwe linagongwa mara mbili, akakaa chini pale pale kwenye changarawe. Mwalimu Paskalina alirudi ofisini, akafungua rejista, akatazama nafasi ya Emiliana Akonaay. Palikuwa na *Yupo*, *Mtoro*, *Amehama*, *Mgonjwa* na *Amefariki*. Akabonyeza *Mgonjwa*. Alijiambia ni kwa ajili ya yule mama, na kwa wiki moja tu.

Mwalimu yeyote wa huku angefanya vile. Huku huwezi kumwambia mama aliyefiwa kwamba serikali inataka kuzima kilichobaki. Unaahirisha, na ukishaahirisha mara moja, ya pili haina uzito.

*

Ijumaa asubuhi Baba Emiliana alifika ofisini akiwa na matope hadi magotini. Alikuwa mtu wa shamba, mnene wa mikono, mpole wa sauti. Alivua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu, keti. Kahawa ipo, ya moto."

"Sitakaa. Nimekuja kukuonyesha kitu kimoja." Alitoa simu mfukoni, akaipangusa kwa kiganja, akamwekea mezani.

Ujumbe ulitoka kwenye mfumo wa rejista. *Ndugu Mzazi, mtoto wako EMILIANA AKONAAY amekosa masomo kwa siku 94 kwa sababu ya ugonjwa. Tafadhali mfikishe kituo cha afya kilicho karibu nawe.*

Mwalimu Paskalina aliusoma mara mbili. Alisikia uso wake unapata moto, na ilikuwa asubuhi ya baridi kali.

"Nilikuwa napalilia," alisema Baba Emiliana. "Simu ikalia, nikadhani ni ya mbolea. Nikasoma. Nikasimama pale na jembe. Unajua nilichofikiria, mwalimu? Kwa sekunde moja nilifikiria, kumbe anaumwa tu."

"Baba, nisamehe. Huo ujumbe unajituma wenyewe."

"Unajituma kwa sababu kuna mtu ameandika kwamba mwanangu ni mgonjwa." Hakupandisha sauti. "Mke wangu hajakubali tuanue matanga. Kitanda cha mtoto bado kimetandikwa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano hasemi neno, anangoja Alhamisi. Akitoka hapa anakuwa afadhali kidogo hadi jioni, halafu tunaanza upya. Mimi mwanangu nilimzika mara moja, kwa mikono yangu, udongo nikautupia mwenyewe. Ninyi mnamzika kila wiki."

"Ananiomba nisifute. Ningemjibu nini?"

"Amekuomba?"

Mama Emiliana hakuwahi kumwomba chochote. Katika Alhamisi zote zile hakuwahi kusema zaidi ya shikamoo na asante.

"Sijui mambo ya mashine," alisema Baba Emiliana, akivaa kofia. "Naomba uandike ukweli. Ni hilo tu."

*

Mchana watoto walipokwenda uwanjani, Mwalimu Paskalina alirudi bandani peke yake, akavuta kiti mbele ya roboti ya nne. Alijua atakachokiona. Alikuwa amekiona mara nyingi kuliko alivyotaka kukumbuka.

Vishikio vya roboti havipimi nguvu peke yake. Hupima na joto la kiganja, kwa usalama, ili mashine isimwunguze mtoto. Aliteremsha kumbukumbu ya siku ya mwisho ya Emiliana mpaka jiwe la ishirini na nne. Hapo, saa nne na dakika kumi na mbili, palikuwa na mstari mwekundu: *Onyo: joto la mshikaji si la kawaida.* Chini yake, dakika ile ile: *Limepuuzwa na mwalimu.*

Onyo lile lilikuwa likitoka kila jua lilipopiga bati. Lilitoka mara tano kwa siku, na walimu wote walikuwa na desturi ya kulipuuza kama wanavyofukuza nzi. Lakini siku ile kulikuwa na ukungu.

Na haikuwa mashine peke yake iliyosema. Emiliana aligeuka akasema, "Mwalimu, kichwa kinauma. Nimechoka." Na yeye Paskalina Sulle, aliyefundisha miaka thelathini na minne, aliyekuwa na fomu za tathmini za kupeleka wilayani kabla ya saa saba, alimjibu bila kuinua macho, "Maliza mawe yako kwanza. Umebakiza machache."

Mtoto alikuwa mtiifu. Aliweka mengine saba, akagonga kila moja mara mbili isipokuwa la mwisho, kisha akaachia vishikio na kukaa chini. Alipelekwa zahanati kwa pikipiki. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na kufikia Jumamosi alikuwa amekufa. Daktari alisema saa moja pengine isingeokoa kitu. Alisema pengine. Mwalimu Paskalina alikuwa ameishi ndani ya neno hilo kwa miezi mitatu, na lilikuwa chumba kidogo sana.

Sasa kila Alhamisi alisimama mita mbili kutoka kwa mama mtu, wote wawili wakitazama mkono ule unavyochoka. Mama aliona mwanawe. Mwalimu aliona alichokifanya. Angeandika *Amefariki*, mikono ingefutika, na onyo nalo lingefutika. Hakuna ambaye angejua kamwe. Baba mtu mwenyewe alikuwa amemwomba afanye hivyo. Sheria ilimtaka afanye hivyo. Udamar kwenye ndoo yake alihitaji afanye hivyo. Kila jambo la haki lilikuwa upande ule, na katikati ya mambo hayo ya haki alikuwemo yeye, akijisafisha.

Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alichoka kuwaza, na alipochoka kabisa kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu. Lazima aseme kwanza, ndipo afute. Lile la kusema lilimtia hofu.

*

Alhamisi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito zaidi. Marudio yalikwenda kama kawaida. Jiwe, gonga, gonga. Mkono ulipoishia hewani na kioo kuuliza swali lake, Mwalimu Paskalina hakusema basi.

"Nendeni mkanywe uji," aliwaambia watoto. "Wote. Udamar, na wewe."

"Bado robo saa, mwalimu."

"Leo umewahi kuiva."

Walitoka wakisukumana. Mama Emiliana alianza kuinuka, Mwalimu akamwonyesha kwa mkono abaki. Hakukaa benchi moja naye. Aliona hana haki hiyo. Alichukua ile ndoo ya kona, akaikalia.

"Mama Emiliana, kuna jambo nilipaswa kukuambia kabla hamjazika."

Yule mama alikuwa anautazama ule mkono ulionyooka.

Basi akasema. Alisema juu ya lile onyo jekundu na saa lilipotoka, na kwamba alilipuuza kwa kidole kimoja. Alisema mtoto alivyogeuka na maneno aliyoyatumia, na maneno aliyojibiwa, hakupunguza hata moja. Alisema kuhusu rejista na kwa nini aliandika mgonjwa. "Nikiandika ukweli, hivi vyote vinafutika na mikono yake. Nitakuwa nimetoka msafi. Ndiyo maana nimekuambia kwanza. Ukitaka tuipeleke mashine wilayani kabla haijafutwa, au polisi, nitaibeba mwenyewe."

Mkono wa roboti ulikuwa bado hewani. Kwa nje watoto walikuwa wakigombania vikombe.

"Nilijua," alisema Mama Emiliana.

"Ulijua nini?"

"Nilijua siku ile ya kwanza, nilipokaa chini hapo." Alinyoosha kidole kuelekea vidole vitatu vya plastiki. "Huyo nimemlea mimi, mwalimu. Alikuwa akipata homa anatetemeka mkono wa kushoto kabla ya mwili mwingine wote, tangu yuko mgongoni. Niliona unavyotetemeka, nikasema, kumbe alikuwa ameshashikwa, na bado anafanya kazi. Nikajua kuna mtu alimwambia aendelee. Na mtu mzima humu alikuwa mmoja."

Mwalimu Paskalina alikosa pa kuweka macho. "Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini Alhamisi zote hizi? Nilidhani unakuja kumwona."

"Nilikuja kumwona mara mbili, mara tatu. Baada ya hapo nilikuwa nakungoja wewe."

Alisema hivyo bila ukali, kwa sauti ya mtu aliyesimama foleni muda mrefu na sasa amefika dirishani. Halafu akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza ndani ya banda lile akalia, kilio kifupi kisicho na sauti kubwa, akapangusa machozi kwa ncha ya kitambaa cheusi.

"Asubuhi ile aliniambia kichwa kinauma," alisema. "Nikamwambia, leo si ndiyo siku ya roboti, siku yako? Nenda, kitapoa. Nimemfunga viatu mwenyewe. Mume wangu hajui. Nikawa nasema, mwalimu akiniambia la kwake, na mimi nitapata mahali pa kusemea langu. Umechelewa sana, mwalimu."

"Nimechelewa. Nisamehe."

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema nilijua." Alivuta pumzi. "Polisi sina haja nao. Nimechoka, na wewe umechoka, tazama miguu yako ilivyo. Ukiifuta, kitabaki nini?"

"Hakibaki kitu. Isipokuwa kama kuna mtoto mwingine ameshika kabla. Mkono wa yule mwingine ukishachanganyika, ni wake, sheria haiufuti. Na ndani yake kunakuwa na kidogo cha Emiliana. Kidogo sana. Baada ya muda hata mimi sitaweza kusema ni kipi."

Mama Emiliana aliitazama ile ndoo ambayo Mwalimu alikuwa ameikalia.

"Yule mrefu," alisema. "Anayekaa hapo ulipokaa. Kwa nini hana mashine?"

"Kwa sababu hii ilikuwa imefungwa."

"Kwa ajili yangu?"

"Nilisema ni kwa ajili yako."

Mama Emiliana alitikisa kichwa polepole, namna mtu anavyofanya akigundua alikuwa amekalia nguo ya mwenzake. "Mwite," alisema.

Udamar aliingia na uji mdomoni, akasimama mlangoni akidhani ana kosa. Mama Emiliana alimwita kwa kiganja, akamsogeza hadi nyuma ya roboti ya nne.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Udamar."

"Udamar, shika hapo. Huu mkono umekaa hewani muda mrefu."

Msichana alimtazama mwalimu. Mwalimu Paskalina alisogea mbele ya kioo. Swali lilikuwa pale pale, likipepesa. Mashine isingepokea mkono mpya kabla la zamani halijajibiwa. *Kwa nini umesimama?* Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, na Mama Emiliana akawa anasoma juu ya bega lake: *Alikuwa anaumwa. Alisema, na mwalimu hakumsikiliza.*

Kioo kilikaa kidogo, kisha kikaandika: *Nimeelewa.* Hakikuelewa kitu, kilikuwa kioo tu.

*Mshiko mpya utachanganyika na wa zamani. Uendelee?*

Alibonyeza *Endelea*.

Udamar alifunga vidole kwenye vishikio. Mkono ukateremka kwenye rundo, ukachukua jiwe la thelathini na mbili, ukaliweka palipokuwa na pengo. Msichana alitaka kwenda kwenye la thelathini na tatu, mabega yake yakasita.

"Mwalimu, inanivuta."

"Inakuvuta wapi?"

"Kwenye jiwe hilo hilo. Inataka kuligusa."

"Iache iguse," alisema Mama Emiliana.

Gonga, gonga.

Watoto wengine walikuwa wamerudi, wakajipanga kimya na vikombe vyao. Udamar alizoea haraka. Alikuwa ameyachora mawe yale kwa penseli miezi miwili, alijua kila moja linakaa wapi. Alikuwa wa mkono wa kulia, mwenye haraka, na kila jiwe lilikuja na haraka zake zaidi kidogo. La thelathini na sita liligongwa mara mbili, lakini kwa kasi. La thelathini na nane mara moja. La arobaini lilikaa juu ya kichuguu, vidole vikaligusa tu na kuondoka, hata ukiangalia usingejua ni kugonga au ni kuachia.

*Kwa nini umeweka mawe?* iliuliza mashine.

Udamar hakufikiri sana. "Ili anayepita ajue hapa kuna mtu," alisema, akaandika hivyo.

Mama Emiliana alisikiliza kidogo zaidi, kana kwamba kuna kitu kingine kitafuata. Hakikufuata. Alifungua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja mara nne, akakitia kifuani. Chini ya kitambaa nywele zilikuwa zimeota ovyo.

"Sasa mnabomoa?" aliuliza.

"Tunabomoa. Darasa la tano wanaingia saa tano, masanduku ni haya haya."

"Basi tubomoe."

Akainama na watoto, akawa anatoa mawe mawili mawili, akiyarudisha kwenye rundo, akapangusa udongo mwekundu kwenye yule mtu wa kufinyangwa na kumlaza rafuni. Alipomaliza alinawa mikono kwenye ndoo ya Udamar, ambayo sasa ilikuwa na maji na haikuwa kiti cha mtu. Aliaga kwa kifupi. Hakusema tutaonana Alhamisi.

Mwalimu Paskalina alikwenda ofisini, akavua viatu chini ya meza, akafungua rejista. Alibonyeza *Amefariki*. Fomu ikadai tarehe, akaweka ya kweli. Ikadai sababu ya kuchelewa kutoa taarifa, akaandika lile onyo jekundu na saa lilipotoka na jina la aliyelipuuza, kwa ukamilifu, pamoja na namba yake ya utumishi. Wilayani wangempigia simu kesho au keshokutwa, na angepokea.

Chini kabisa paliulizwa: *Mzazi amearifiwa?*

Palikuwa na *Ndiyo* na *Hapana*. Alizitazama nafasi hizo mbili kwa muda, akitafuta ya tatu, ya mzazi aliyejua tangu mwanzo, ambayo haikuwepo. Kisha akabonyeza *Ndiyo*, akavaa viatu, akaenda kugonga kengele ya darasa la tano.